Vidole Vyangu kwenye Wimbo wa Mzee Kasto

Mwanangu Vene,

Umetoka saa tisa kwenda Kivukoni kumuaga bibi yako, na ninavyomjua bibi yako hatakuachia kabla hujamaliza samaki wawili na kuzungushwa kwa majirani wote. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye chumba cha kurekodia kwa sababu meza ya sebuleni imejaa mizigo yako. Tangu ulipoondoa vitu vyako jana, chumba hiki kimeanza kutoa mwangwi. Hata kalamu naisikia ikitembea.

Habari za chakula, za kufua, za baridi ya Mbeya na za nani umfungulie mlango sitaziandika. Baba yako amezisema tangu Jumatatu, na shangazi yako amezirudia kwenye simu mpaka chaji ikamwishia. Mimi nataka kukueleza jambo moja tu, ambalo umeniuliza nami nikalikwepa.

Mwezi uliopita ulikaa hapa na gitaa ukitaka kujifunza solo ya wimbo wa Mzee Kasto, ule unaopigwa redioni kila Jumapili mchana. Nikakuambia tafuta wimbo mwingine. Ukasema, "Mama, Ifakara nzima hakuna solo kama hii. Kwa nini nisiijifunze?" Nikakuambia kuna vyombo havijaoshwa. Ulinitazama, ukaenda kuviosha, na kwa jinsi sufuria zilivyokuwa zikigongana nilijua umekasirika. Ulikuwa na haki. Kesho kutwa wewe na mwenzako Anjela mnafungua chumba chenu cha kurekodia huko Mbeya, na watu watakaa mbele ya maiki yenu wawaachie sauti zao. Nisipokuambia sasa, nitakuwa nimekuficha kitu ulichokuwa unakihitaji kuliko zile spika ulizofungasha.

Wewe Mzee Kasto ulimjua kama babu wa kofia ya sufu, aliyekuwa anakuletea karanga mfukoni. Mimi nilimjua akiwa bado na nguvu. Alikuwa amekata miwa miaka mingi kule mashamba ya Kidatu, mchana panga, Jumamosi gitaa la solo kwenye bendi ya wafanyakazi. Aliniambia kambini kwao kulikuwa na watu wa kila kabila na dini, Wanyakyusa, Wahehe, Wangoni, Waislamu na Wakristo, na kila mmoja alimletea wimbo wa kwao apige, kwa hiyo vidole vyake vilikuwa vimetembea nchi nzima bila yeye kupanda basi. Alipochoka na miwa alikuja kupanga Katindiuka, akalima mpunga, akawa anafundisha magitaa kwaya ya kigangoni kwetu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Wasichana walikuwa wanaimba, wavulana ndio wanapiga. Nilikwenda barazani kwake nikamwambia, "Shikamoo baba. Nataka kupiga gitaa."

"Marahaba. La rizimu au la solo?"

Sikujua tofauti. Nikasema la solo, kwa sababu ndilo neno alilolisema mwisho.

Akacheka, akanipa gitaa lenye nyuzi tatu. Nyuzi nyingine tuliziongeza wenyewe, kwa kuchambua waya wa breki ya baiskeli, na zilikuwa zinakata vidole mpaka mama yangu akadhani navuna mpunga kwa kisu kibovu. Kwa miezi miwili hakunifundisha wimbo wowote. Alikuwa ananipigia kipande kifupi, kisha anakaa kimya, nami nakirudia. Nikikosea hakusema nimekosea. Alikuwa anakipiga tena. Kuna kidole changu kimoja, hiki cha pete cha mkono wa kushoto, kilikuwa kinachelewa kuachia uzi. Kinachelewa kidogo sana, kama mtu anayesita kutoka mlangoni. Alihangaika nacho mwaka mzima, mwisho akasema, "Basi. Hicho ndicho utakachojulikana nacho."

Sikukizingatia wakati ule. Msichana wa miaka kumi na mitano hataki kujulikana kwa kidole.

Nilipoolewa na baba yako, gitaa lilikuja na sanduku la nguo. Nilipiga kwaya, nikapiga harusi, nikazaa ninyi watatu, nikapiga tena. Na kila mara nilikuwa naumia kwa jambo lile lile: tunapiga vizuri, watu wanafurahi, halafu kesho hakuna kitu. Waliotaka kurekodi walikuwa wanasafiri hadi Morogoro mjini. Kwaya nzima inapanda gari alfajiri, inafika imechoka, inaimba kwa haraka kwa sababu kuna kikundi kingine kinasubiri nje, inarudi na wimbo ambao hata wenyewe hawautambui. Ndiyo maana nilianza kusema nitafungua studio hapa nyumbani. Baba yako alidhani natania, mpaka siku aliponikuta natoa magunia ya mpunga kwenye stoo ili niingize meza.

Wewe unakumbuka studio ilipokwisha kuwa studio. Mwanzo wake ulikuwa aibu. Nilipata kompyuta ya mtumba, maiki moja, na kile kisanduku cha kuunganishia gitaa na kompyuta. Nikaambiwa nibandike trei za mayai ukutani ndipo sauti itulie. Nilizunguka kwa mama ntilie wote wa mjini nikiomba trei. Nikabandika kuta nne mpaka darini. Nikapiga gitaa, nikasikiliza: sauti ileile, kama ya ndani ya pipa, ila sasa na mende. Trei zilileta mende.

Halafu gitaa la umeme likawa linavuma. Nikigusa nyuzi linanyamaza, nikiachia linavuma. Nikabadilisha waya, nikabadilisha jeki ya kuchomekea, nikamlaumu aliyeniuzia. Wiki tatu. Baba yako ndiye aliyesema, "Hii nyumba waya wa athi, ule unaoingia ardhini, ulikatika tangu mwaka ule wa mafuriko, hukumbuki?" Akaita fundi, akachimbia chuma kipya nje ya ukuta, mvumo ukapungua nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya friji. Ndiyo maana mpaka leo nikianza kurekodi nazima friji, na ndiyo maana mara nyingi tumekula nyama iliyokuwa inataka kuharibika.

Na mashine ya kukoboa ya jirani. Na mvua juu ya bati wakati wa masika. Na vyura. Haya unayajua, umekua nayo.

Kilichokiokoa chumba hiki kilikuwa mpunga. Mwaka ule wa kwanza tulivuna vizuri, hatukuwa na pa kuweka magunia, baba yako akayarudisha humu na kuyapanga ukutani, mimi nikilalamika kwamba ananiharibia studio. Jioni nikapiga gitaa katikati ya magunia. Vene, niliacha kupiga nikaangalia mikono yangu. Sauti ilikuwa imekauka vizuri, imekaa karibu, kama mtu anakunong'oneza. Nikang'oa trei zote. Tangu siku hiyo tukawa na msimu: kuanzia mavuno mpaka Krismasi chumba kina magunia na sauti ni nzuri, baada ya kuuza chumba kinakuwa pipa tena. Kuna wimbo wa kwaya niliuanza mwezi wa saba nikaumalizia mwezi wa pili, na ukiusikiliza vizuri utasikia kwaya inahama nyumba kwenye ubeti wa tatu. Baadaye ndipo nilipojifunza kujaza magunia pumba na kuyaacha ukutani mwaka mzima.

Basi. Mzee Kasto alikuja msimu wa magunia, wewe ukiwa darasa la tano.

Nilimwita mimi. Nilikuwa nimerekodi vijana wengi wa biti za kompyuta, nimerekodi kwaya, lakini nilitaka kazi moja ambayo watu wakiisikia waseme studio ya Paskalina ni studio. Na mtangazaji wa redio ya hapa mjini alikuwa ameniambia, "Mama, tafuta nyimbo za wazee, tutapiga." Mzee Kasto alikuwa na wimbo aliomtungia mke wake Regina zamani, Regina akiwa kwao Lupiro, yeye akiwa Kidatu. Msimu wa miwa ukiisha alikuwa anasafiri hadi Kivukoni, anasubiri kivuko, na kule ng'ambo Regina anamsubiri yeye. Daraja wakati ule hakuna. Siku nyingine kivuko kimeharibika, wanabaki kutazamana na mto. Wimbo wenyewe una maneno machache sana. Unaongea kwa gitaa.

Alikuja na baiskeli, gitaa mgongoni, amevaa shati la Jumapili. Akakaa katikati ya magunia, akayapigapiga kwa kiganja, akasema, "Hapa pananukia vizuri." Nikamvalisha hedifoni juu ya kofia, akakataa kuvua kofia. Nikamwashia mdundo wa kompyuta, ule wa tik, tik, wa kumwongoza asiende mbio. Akausikiliza kidogo, akaitoa hedifoni sikio moja.

"Huyu anayegonga ni nani?"

"Ni kompyuta, baba. Unaifuata."

"Inakwenda wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akapiga.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka wakati ule. Sijui kama uliwahi kuuona. Sauti nyingine zilitoka mbili badala ya moja. Na kila mwisho wa ubeti, kabla ya kuingia solo, alikuwa anasimama. Mdundo unaendelea, tik, tik, tik, yeye amenyamaza, mpaka mimi naanza kutokwa jasho, ndipo anaingia. Tulirudia mara nne. Mara zote nne alisimama palepale. Alipomaliza akaomba asikilize, akasikiliza amefumba macho, akasema, "Vizuri. Regina angenicheka, lakini vizuri." Akapanda baiskeli akaondoka.

Nilikaa siku mbili na kazi ile. Nilisikia mtetemeko tu. Nilisikia kuchelewa tu. Nikajiambia mzee amechoka, watu watamcheka redioni, mimi ndiye mwanafunzi wake, nimsaidie. Kwanza nikakata na kubandika, nikaleta sauti zake kwenye mdundo. Zikawa kama meno ya bandia. Basi asubuhi ya tatu nikachukua gitaa langu. Wimbo niliujua tangu utoto. Nikapiga yote upya, safi, bila kusimama popote, nikaacha sauti yake ya kuimba tu.

Uliingia ukitoka shule, ukasimama mlangoni na sare yako. Ukasema, "Mama, si babu alishapiga?"

Nikasema, "Nanyoosha tu."

Hilo nalo nilitaka ulijue. Nilikudanganya, na ulikuwa umeuliza sawasawa.

Halafu nikafanya kitu kibaya zaidi. Kompyuta ilikuwa imejaa, ikawa inaganda. Nikatafuta cha kufuta. Nikafuta mafaili ya gitaa lake, yote manne. Mwenyewe niliita hiyo kutafuta nafasi. Lakini kulikuwa na nyimbo za vijana ambazo hata wenyewe walikuwa hawazitaki tena, na hizo sikuzifuta.

Redio ikaupiga. Ukapendwa, Vene, ukapendwa kweli. Madereva wa bodaboda wakauweka kwenye simu. Pale Mkula, kwenye vibanda vya barabarani, niliusikia vibanda vitatu kwa wakati mmoja, kila kimoja kikiwa ubeti wake. Watu wakaanza kuja hapa kurekodi kutoka mbali. Na Mzee Kasto akawa anasimamishwa sokoni, anashikwa mkono. "Mzee, bado vidole vipo! Unapiga kama kijana!"

Alikuja baada ya wiki mbili. Hakukaa. Alisimama hapohapo uliposimama wewe na sare.

"Paskalina, ule wimbo nani amepiga?"

Nilikuwa nimeshalitayarisha jibu, ndiyo aibu yenyewe. Nilisema, "Ni wewe, baba. Mashine imesafisha tu."

Akatazama magunia, akanitazama mimi. "Imesafisha," akasema. Akavaa kofia yake vizuri, akaondoka.

Hakuja tena kwaya. Watu walidhani ni uzee. Nilikuwa nakutana naye njiani na baiskeli, nasema shikamoo baba, ananijibu marahaba, na hapo ndipo mwisho. Miaka miwili. Hakuninyima marahaba hata siku moja, na sijui kama kuna kitu kiliwahi kuniumiza kama ile marahaba isiyofuatiwa na neno. Nilikuwa nikirudi nyumbani nashindwa kuwasha kompyuta. Baba yako akaniuliza nina nini na mzee yule, nikasema hakuna kitu. Studio ilikuwa inaendelea vizuri. Ulikuwa unajisifia kwa wenzako kwamba mama yako ni prodyuza.

Ulipokuwa darasa la saba, siku moja nilikuwa namrekodi binti mmoja anaimba, akakosea, nikamwambia usijali nitanyoosha. Akaniuliza, "Utanyooshaje, Mama?" Nikaanza kumweleza, halafu nikazima kompyuta. Nikamwambia tupumzike. Nikafunga mlango, nikachukua njia ya kwa Mzee Kasto kwa miguu, na aproni yangu kiunoni.

Nilimkuta anageuza mpunga kwenye turubai kwa mguu, hivi, anaburuza mguu taratibu mistari inabaki nyuma yake. Nikamwamkia. Nikasema kabla hajaitikia, kwa sababu ningeisikia ile marahaba ningerudi.

"Baba, ule wimbo nilipiga mimi. Gitaa lote. Nilikudanganya."

Akaendelea kuburuza mguu mpaka mwisho wa turubai. Akageuka.

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu redio ilipoanza. Kile kidole chako. Mwaka mzima nimehangaika nacho, nitaacha kukijua?"

Nikalia. Hakunizuia. Aliposema tena alisema polepole, na maneno yale ninayo mpaka leo: "Kupiga si tatizo. Mwanangu ukipiga wimbo wangu nafurahi. Lakini umeniacha nishikwe mikono sokoni kwa kazi ambayo si yangu. Nikisema si mimi, nakuaibisha wewe. Nikinyamaza, nawaibia wao. Ulinifungia mlango pande zote mbili."

Nikamweleza kwamba niliona mkono unatetemeka, na zile sehemu anazosimama, nilidhani amesahau.

"Nimesahau?" Hapo ndipo alipokasirika. "Pale ndipo kivuko hakijaja! Unataka nivuke na nini?"

Sikuwa nimeelewa, Vene. Miaka yote ile niliupiga wimbo ule kigangoni na harusini, nikizijua sauti zake zote, na sikuwahi kuuliza kwa nini anasimama.

Kisha akaniomba kitu kimoja. Akasema, "Basi nipe ile niliyopiga mimi. Niwe nayo tu." Na ilibidi nimwambie kwamba niliifuta.

Akakaa chini kwenye ukingo wa turubai. Sikukaa naye. Sikujua kama ninaruhusiwa.

Nilianza kwenda kwake kila Jumamosi. Sikuwa namwomba arudie wimbo. Niliogopa hata kulitaja gitaa. Nilikuwa nageuza mpunga, napepeta, nachota maji, narudi. Juma la nne akanijibu shikamoo yangu na kuongeza, "Watoto hawajambo?" Nilitembea hadi nyumbani kama niliyepewa zawadi. Unakumbuka ulikuwa unanung'unika kwamba Jumamosi sikai nyumbani? Nilikuwa huko.

Mwezi wa tisa akasema, "Tukichelewa zaidi mkono huu utaisha. Jumanne nitakuja. Lakini yule mgonga tik tik asiwepo."

Jumanne ile ulikuwa shule. Nilizima friji. Nilikwenda kwa jirani nikamwomba asimamishe mashine ya kukoboa asubuhi moja, akakubali nilipomwambia ni kwa ajili ya nani. Mzee akaja na shati lilelile. Akakaa, nikaweka maiki moja mbele ya gitaa na moja mdomoni, sikumvalisha hedifoni. Alianza. Mkono ulikuwa mbaya kuliko nilivyodhani. Ubeti wa kwanza alifika, akasimama pale pa kivuko, na safari hii niliusubiri ule ukimya pamoja naye, na kuku akapita nje akilia, ndipo mzee akaingia solo. Ubeti wa pili vidole vikagoma. Akajaribu tena. Vikagoma.

Nilidhani atanyanyuka. Akasema, "Lete gitaa lako. Kaa hapa."

Nikasema, "Baba, hapana, si mimi tena."

"Ndiyo wewe. Ila sasa nitasema."

Akasogea kwenye maiki, akaongea kama anaongea na watu wa kambini: "Anayepiga hapa ni Kasto. Na huyu atakayeingia ni Paskalina, mwanafunzi wangu, kwa sababu mimi nimechoka." Akaanza upya. Alipofika mahali mkono unapogoma alinigusa goti kwa kiwiko, nikaingia mimi. Pale pa kusimama tulisimama wote. Sijawahi kupiga vizuri hivyo kabla ya siku ile wala baada yake, na kidole changu kilichelewa waziwazi.

Niliupeleka redioni. Nikamweleza mtangazaji ukweli wote, kwamba ule wa kwanza si wa mzee, auache, apige huu. Akanisikiliza vizuri, kijana wa watu. Akasema, "Mama, huu una kuku. Na hapa katikati kuna kimya, wasikilizaji watadhani tumekatikiwa umeme. Na ule watu wameshaupenda." Ndivyo ulivyobaki. Nilikwenda mara tatu. Kitu kikishatoka kwenye chumba chako hukiiti kikarudi, mwanangu, hata ukikiita kwa jina.

Alifariki ukiwa kidato cha pili, bweni Mahenge. Tulimzika Lupiro, karibu na Regina. Tulivuka darajani kwa gari la mizigo, dakika chache tu, na wenzangu wote walikuwa wanapiga soga. Mimi peke yangu ndiye niliyetazama maji. Baada ya mazishi kijana mmoja akaleta spika, akasema tumuage mzee kwa kazi yake. Akauweka ule wa redioni.

Watu walilia. Mzee mmoja aliyekata naye miwa alitikisa kichwa akasema, "Hakutatokea fundi kama huyu." Na mimi nimekaa kwenye mkeka kati ya wanawake nasikiliza vidole vyangu mwenyewe vikimzika mwalimu wangu. Nilitaka kusimama. Sikusimama. Nimejisamehe mengi, hilo bado.

Jioni nilimtafuta Tekla, binti yake mkubwa, jikoni nyuma ya nyumba. Nikamwambia yote, tangu magunia hadi kufuta. Alikuwa anachota wali, hakuacha kuchota. Nilipomaliza akasema, "Baba alishaniambia, dada. Alisema ukija kuniambia mwenyewe nikupe chakula. Usipokuja, nisikuulize."

Akanipa sahani. Nilikula nimesimama, machozi yakiingia kwenye wali, na yeye akaniongezea mchuzi.

Ndiyo maana nilikukataza ile solo. Ungekuwa unajifunza kwangu ukidhani unajifunza kwake, na mimi ningekuwa nimekaa pembeni nakuitikia. Wimbo wenyewe, ule wenye kuku, nimekuwekea kwenye flashi nyekundu, ndani ya mfuko wa nyuzi kwenye begi la gitaa, pamoja na barua hii. Jifunze huo. Sehemu yake itakusumbua kuliko yangu. Utataka kuhesabu pale anaposimama, na haihesabiki.

Chumba chenu cha Mbeya sijakiona. Labda hakuna mashine ya kukoboa, labda kuna kitu kingine kinachovuma; mtakitafuta wiki tatu kama mimi na mtakipata. Masikio unayo mazuri kuliko yangu, nimelijua hilo tangu ulipokuwa mlangoni na sare. Ninachokiogopa ni siku utakayokuwa peke yako na sauti ya mtu kwenye kompyuta, yeye ameshaondoka amekuamini, na wewe unaona kabisa jinsi ya kumfanya awe bora. Utakuwa na uwezo huo. Mpigie simu kwanza. Mwambie, "Nataka kugusa hapa." Akikataa, mwache atetemeke.

Na kama siku hiyo hukupiga simu, kwa sababu ulichoka, au ulitaka kusifiwa, au kwa sababu tu wewe ni mwanangu, usikae nayo miaka miwili kama mimi. Panda basi uje. Fika saa yoyote. Nitakuandalia chakula kwanza, ukimaliza ndipo utaniambia.

Ni mimi mama yako,
Paskalina